Fishi Tulizoloweka

Miaka ya vita nilikuwa naazimisha vitabu katika maktaba ya chuo kimoja kidogo cha Bunia. Hakikuwa chuo kikuu. Kilifundisha ualimu, biashara na kazi za ofisi, na wasomaji wetu walikuwa watoto wa mjini, walimu wa vijijini waliotaka diploma, hata mchimba dhahabu mmoja Mwislamu aliyekuja na buti za matope kusoma kitabu chetu pekee kilichohusu mawe.

Kila msomaji alikuwa na fishi, kadi ngumu yenye picha yake kwenye pembe. Nilizijaza kwa mkono wangu, kwa kalamu ya wino: jina, jina la baba, jina la mama, mahali pa kuzaliwa, mtaa, halafu mstari wa kolektivite, yaani eneo la chifu ambako ukoo wa baba unatoka, na lile la ukoo wa mama. Zamani mstari ule ulitufaa. Mtu akiondoka na kitabu, tulijua tumtafute wapi. Vita vilipoanza, mstari uleule ulimwambia yeyote ajuaye kusoma kwamba huyu ni wa kabila fulani, na analala mtaa fulani.

Mimi mwenyewe sitasema ni wa upande gani. Miaka ile niliulizwa mara nyingi mno.

Mji ulikuwa ukitoka mikononi mwa hawa na kuingia mikononi mwa wale. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa, kikafungwa tena. Kila kilipofunguliwa tulibandika tangazo mlangoni: saa mpya, kitabu kimoja badala ya vitatu, kamusi hazitoki nje. Matangazo hayo aliyapiga mashine mkuu wa maktaba, mzee wa Mahagi, Mkatoliki, mtu wa tai na kanuni, ambaye sote tulimwita Papa. Kabila lake halikuwa miongoni mwa yale mawili yaliyokuwa yanauana. Hilo lilimlinda siku nyingine, si zote.

Jumatatu moja asubuhi alikuja msichana wa mwaka wa pili. Hakuwa na kitabu mkononi. Aliinama juu ya meza yangu kama mtu anayesoma daftari langu.

"Mama, fishi yangu iko hapa?"

"Iko."

"Unipe."

Nilimwambia fishi haitoki bila sahihi mbili, yangu na ya Papa. Kisha akasema polepole, "Jana walifika mu mtaa yetu na kitabu ya majina ya shule moja. Walikuwa wanasoma majina, mama. Nyumba kwa nyumba."

Mpaka leo nikikumbuka zile sahihi mbili naona aibu. Nilivuta boksi, nikaitafuta fishi yake, nikampa. Akaichana palepale, vipande vidogo vidogo, akavitia ndani ya blauzi na kuondoka bila kuaga. Nikabaki natazama maboksi matatu ya mbao yaliyojaa mwandiko wangu.

Nilimwambia Papa. Hakukubali.

"Hizi ni mali ya chuo," alisema. "Tukiziharibu, hatuna maktaba tena. Kitabu kitatoka, nani atajua kiko kwa nani?"

"Papa, watu ndio wako ndani ya hizo boksi. Si vitabu."

Alikwenda dirishani. Ng'ambo ya ua, katika jengo la jirani, wapiganaji walikuwa wamepiga kambi, na wawili walikuwa wanaoga kwenye bomba letu. Aliporudi aliketi mbele ya taipureta, akaweka karatasi. "Kama ni kuharibu," alisema, "tuharibu kwa utaratibu."

Tangazo la siku ile lilisema kwamba maktaba inaboresha huduma zake. Kuanzia sasa kila msomaji atakuwa na namba, na kila mmoja aje achukue kadi yake mpya. Mtu asiyejua angeona ni habari njema ya kawaida. Wanafunzi walikuja mmoja mmoja, nikawapa kadi yenye namba tu, na chini yake, ndani ya kitabu walichoazima, fishi yao ya zamani. Hakuna aliyeuliza sababu. Mmoja alinishika mkono akaubana mpaka ukauma, akaenda zake.

Lakini wengi hawakuja. Walikuwa wamekimbilia Marabo, au Beni, au Uganda, na wengine hatukujua. Kufikia Jumatano mchana boksi moja na nusu lilikuwa bado limejaa. Kuchoma hatukuweza, maana moshi ungewaleta wapiganaji. Choo walikuwa wanakitumia wao. Basi nikaleta beseni mbili kutoka nyumbani, nikazijaza maji katika chumba cha nyuma, tukaziloweka fishi humo. Nilidhani zitalainika upesi. Karatasi ile ilikuwa ya kizamani, ya nguvu. Alhamisi asubuhi wino ulikuwa umeanza kutoka, maji yakawa ya buluu, lakini picha zilikuwa zinaelea juu, nyuso za watu ninaowajua, na majina mengi bado yalisomeka.

Tulikuwa tunazikamua kwa mikono niliposikia buti kwenye ukumbi wa kusomea.

Sikufikiri. Nilivuta pazia la dirisha, likang'oka na waya wake, nikalisukuma ndani ya beseni moja juu ya fishi, na beseni ya pili nikaisukuma chini ya rafu kwa mguu. Papa alikuwa ameshatoka kuwapokea, nami nikamfuata.

Walikuwa watatu. Aliyewaongoza nilimtambua. Alikuwa msomaji wetu, kijana wa biashara, mpole, aliyekuwa akirudisha vitabu kabla ya siku yake. Sasa alikuwa na bunduki na miwani myeusi aliyoipandisha kichwani.

"Bonjour, Papa. Tunaomba fishi za wanafunzi."

Papa alimwonyesha boksi la kadi mpya. Mwenzake mmoja, mnene, akachukua kadi kadhaa, akazigeuzageuza.

"Hii ni nini? Namba tu. Majina iko wapi?"

"Huduma imebadilika," alisema Papa. "Tangazo liko mlangoni."

Yule mnene alimpiga kwa kitako cha bunduki, upande wa sikio. Sauti ya pigo ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Papa aliketi chini, tai ikiwa begani, hakulia.

Kijana alipita mbele yangu akaingia chumba cha nyuma. Nikamfuata, sijui kwa nini. Alisimama juu ya beseni. Maji yalikuwa ya buluu kabisa.

"Mama, unafua nini?"

"Rido, pazia la dirisha."

Akatazama dirishani, akaona halina pazia. Kisha akainama, akainua pembe ya kitambaa kwa vidole viwili. Picha moja ilikuwa imegandia kwenye kitambaa. Aliitazama. Sijui kama alimjua mwenye picha. Nje yule mnene alikuwa akimuuliza Papa jambo lilelile tena na tena.

"Yangu pia iko humu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Iko."

Nilikumbuka siku nilipoijaza. Alisita nilipomuuliza kolektivite ya mama yake, kisha akanitajia ya upande wa pili, upande ambao wenzake sasa walikuwa wanautafuta nyumba kwa nyumba. Sikumwambia kwamba nakumbuka. Nafikiri aliona.

Aliachia kitambaa kikazama. Akajifutia vidole kwenye suruali, akatoka.

"Ni namba tu," aliwaambia wenzake. "Hakuna kitu. Twende."

Walibeba boksi la namba, kamusi mbili na saa ya ukutani. Sikumwona tena kijana yule. Watu waliniambia aliuawa, wengine wakasema yuko Kampala. Wala sijui alituokoa sisi au alijiokoa mwenyewe, na sijawahi kuona haja ya kuchagua.

Mchana ule nilikamua fishi zote mpaka zikawa uji, nikauzika nyuma ya jengo kwa jembe la mlinzi. Papa alikaa kando amejishika sikio. Sikio lile halikusikia tena. Wiki iliyofuata alipata nafasi kwenye lori akaenda kwao Mahagi. Maktaba iliporwa mwezi huohuo, rafu zikawa kuni.

Vita vilipotulia, chuo kilianza upya na nikarudi kwenye meza. Hapo ndipo watu wakaanza kuja. Karatasi za sekretarieti ya chuo zilikuwa zimeungua, na serikali ilitaka ushahidi kwamba mtu alisoma. Mmoja alikuwa mwalimu kutoka Kpandroma, mwenye mvi tayari. Alisafiri siku mbili kwa pikipiki na miguu.

"Mama, nilikuwa na fishi kwenu. Na picha. Ninaomba tu kopi."

Nikamweleza tulichofanya. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mezani.

"Nani aliwapa ruhusa?" aliuliza. "Ile ilikuwa karatasi yangu. Siku zile mimi nilikuwa kule juu kwetu, hakuna mutu alikuwa ananitafuta."

Nikachukua karatasi, nikaandika kwamba mimi, mwazimishaji wa vitabu, nashuhudia kuwa bwana huyu alikuwa msomaji wetu, alipokuwa akikaa mjini alikuja karibu kila Jumamosi, na aliazima vitabu vya hesabu. Nikatia sahihi. Nafasi ya sahihi ya pili ikabaki wazi. Mwalimu aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema asante kwa sauti ya mtu ambaye hajasamehe. Kama waliikubali huko alikoipeleka, hakurudi kuniambia.