Chujio la Wino na Bango la Bibi Harusi

Juzi, katika duka la kuchapa mabango pale Mkuyuni, mama mmoja alikuwa akisubiri bango la sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi ya kesho yake. Sherehe ilikuwa jioni hiyo hiyo, Kiseke. Picha ya majaribio ilipotoka, mstari mweupe ulikuwa umepita katikati ya mdomo wa binti.

"Chapa hivyo hivyo," mama akasema. "Leo hatakiwi kuongea sana."

Fundi, dada mwenye wino hadi viwikoni, akacheka. "Hapana, mama. Hewa imeingia kwenye chujio la wino, ndiyo maana wino unakatika."

Akachomoa chujio dogo la plastiki lenye wino ndani, akalisimamisha wima na kuligonga polepole kwa ukucha. Vipovu vikaanza kupanda kimoja kimoja.

Mama akatazama saa, akaona anacheleweshwa. Akalinyakua, akalitikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi. "Haya, imetoka?"

Fundi akaliinua kwenye mwanga. Vipovu vilikuwa vimegawanyika, vimekuwa vidogo na vimetapakaa kote. "Sasa, mama yangu, tunasubiri upya. Tena zaidi."

Mama akaketi kwenye benchi, akaikalia mikono yake yote miwili. Wengi wetu tukimwona mtu anafanya kazi taratibu, tunadhani amekwama, tunakimbilia kumsaidia.

Vipovu vilipokwisha, fundi akalirudisha chujio, na bango likatoka safi, binti akitabasamu bila mstari.

"Nikunje, mama? Muda umekwenda."

"Subiri kwanza," mama akasema, macho kwenye picha. "Kesho hatakuwa kwangu."

Safari hii fundi ndiye aliyetazama saa.