Uso wa Mama Ukutani Mpemba

Picha ya mama ilikuwa moja tu, na sisi wenyewe ndio tulioiharibu. Siku ya maziko dada yangu aliitanguliza mbele ya jeneza, kisha tukaigongomea msalabani, kaburini, katikati ya mibuni ya baba kule Isansa. Hakuna aliyewaza kutoa nakala. Mvua za Mbozi hazina adabu. Kufikia mavuno ya kahawa ilibaki karatasi nyeupe nyuma ya kioo, na baba akaniambia, "Mwanangu, uso wa mama yako umeanza kunipotea. Nikifumba macho naona kilemba tu."

Mimi ni fundi wa kuchora kuta Tunduma. Sabuni, simu, soda, vinyozi, vyote vimepita mkononi mwangu. Mwanamke akiwa juu ya ngazi wapita njia hawaishi maneno, nami sijaumbwa kunyamaza. Ilipotangazwa kwamba kila anayejenga ghorofa atoe fungu la kazi ya sanaa mbele ya jengo, iwe ya watu wote, ndipo apewe kibali cha kulitumia, nilicheka kwa dharau. Matajiri ninaowajua mimi hata bomba la maji ya mvua wanalielekeza kwa jirani. Lakini mmoja, aliyekuwa akimalizia ghorofa lake Mpemba kando ya barabara kuu, akaniita.

"Chora unachotaka, fundi. Kipendeze tu, wakaguzi wanakuja."

Nikamchora mama. Alijaa ukuta mzima, beseni la kahawa kiunoni, kovu dogo juu ya nyusi, na ule mdomo wake uliobanwa, wa mtu anayekusikiliza huku anajua unamdanganya. Hakuwa mtu wa kucheka yule. Nilipomaliza macho nilishuka, nikakaa mchangani nikalia, mafundi wa zege wakidhani nimeanguka.

Tukamleta baba. Macho yake yana ukungu siku hizi. Nikimwonyesha picha yoyote kwenye simu haoni kitu. Kwa ukubwa ule alimwona. Alivua kofia. "Ndiye," alisema. Tangu hapo kila Jumamosi alipanda gari hadi Vwawa, akaunganisha hadi Mpemba, akakaa kwenye benchi la mama wa chai ng'ambo ya barabara. Lori la foleni ya mpakani likimziba mama, anasubiri lisogee.

Wakaguzi walikuja, wakasifu, wakaenda zao. Haukupita muda tajiri akaniita tena. Kampuni ya juisi ilikuwa imekodi ukuta.

"Bosi, ule ukuta si wako peke yako. Ulitolewa kwa watu."

"Fundi, kibali cha kutumia jengo nimeshapata. Picha imemaliza kazi yake."

Nilimwambia yule ni mama yangu. Nikamwambia habari za baba na macho yake. Akasema pole, kama anayepewa habari za msiba wa mtu asiyemjua. Hasira iliyonipanda siku ile bado haijashuka. Nilikataa kazi, nikaondoka. Mwenye nguvu mpishe. Akaletwa fundi kutoka Mbeya, akapiga rangi nyeupe, na juu yake akachora mwanamke mwenye glasi ya juisi, meno yote nje.

Nilitaka kwenda Isansa nikamwambie baba mwenyewe. Jumamosi ilinitangulia. Nilimkuta kwenye benchi lake, kofia magotini, lori limesimama mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Ngoja lisogee."

Lori likasogea. Alitazama muda mrefu. Mama wa chai aliniangalia, akainamia jiko lake.

"Leo anacheka," baba akasema.

Nilikaa kando yake.

"Mama yako alikuwa hachekagi hivi." Akafuta macho kwa kofia, akatazama tena, akafuta tena. "Basi itakuwa ni mimi. Nimeshamsahau."