Matairi ya Kiangazi

Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya korona, mume wangu alikwenda Nairobi kumuuguza baba yake. Wiki ya sita akanitumia ujumbe wa sauti. Nilikuwa nimeegesha gari nje ya kituo cha treni, katikati ya Birmingham, nikisubiri abiria. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi.

"Nimeoa," alisema. "Usipige simu leo, hapa kuna watu wengi."

Nyuma ya sauti yake nilisikia sahani zikigongana. Kisha abiria akafungua mlango, akanitajia hoteli yake, nami nikamsalimia na kumpeleka.

Sikulia siku ile, wala wiki ile. Nilipika, nilifua, nilimwamsha binti yangu aende shule. Alikuwa na miaka kumi na sita. Kiswahili alikielewa chote, ila kila ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza. Nilimwambia baba yake amechelewa kurudi kwa sababu babu bado hajapona. Niliyasema hayo bila kusitasita, na yeye hakuuliza zaidi.

Mimi ni Msomali wa Isiolo. Kabla ya kuhamia Birmingham tuliishi Sweden miaka tisa, na huko ndiko nilikojifunza kuendesha. Sweden hupewi leseni mpaka upelekwe kwenye uwanja wa utelezi. Wanakumwagia maji njiani, wanakuambia uongeze mwendo, halafu gari linakuponyoka na wewe unajifunza kulirudisha: tazama unakotaka kwenda, geuza usukani huko, usikanyage breki kwa hasira. Mwalimu wangu alinirudisha mara nyingi. Nilikuwa napiga kelele kila gari lilipozunguka, na yeye alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi.

Birmingham nilifanya kazi kwenye ofisi ndogo ya teksi. Bosi alikuwa mtu mpole, mpenda vitu vipya. Alinunua gari la umeme lililokwishatumika, la kupeleka abiria wa uwanja wa ndege, akanikabidhi mimi kwa kuwa sikuwahi kulikwaruza gari lake lolote. Wakati huo magari ya umeme hayakuwa mengi mjini, na hili lilikuwa na nguvu za kutisha. Gari la petroli ukikanyaga mafuta linakupa nafasi ya kujitayarisha. Hili halikungoja. Nguvu yote ilifika pale pale, kwenye magurudumu ya nyuma, bila kelele yoyote.

Siku ya kwanza ya mvua niliondoka kwenye taa za barabarani kwa haraka kidogo. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, taa ya njano ikawaka mbele yangu, na kompyuta ya gari ikapunguza nguvu yenyewe mpaka matairi yakashika tena. Ilichukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Jambo la pili nililojifunza ni kwamba ukiinua mguu tu, gari linajifunga breki lenyewe, ili lirudishe umeme kwenye betri. Niliweza kufanya kazi kutwa nzima bila kugusa breki. Nikazoea hivyo.

Baridi ilipoanza, niliinama siku moja nikayashika matairi. Yalikuwa mapana, ya kiangazi, na yale ya nyuma yalikuwa yamelika sana. Nikamwambia bosi tuweke ya baridi.

"Hapa si Sweden, dada," alisema. "Gari lina kompyuta."

"Kompyuta inazuia gurudumu lisizunguke ovyo," nikamjibu. "Haiwezi kulipatia tairi mshiko ambao halina."

Akacheka. Akasema tutaona baada ya mwaka mpya. Wakati mwingine ningebishana naye mpaka akubali. Siku hiyo nilisema sawa, nikachukua ufunguo.

Nilikuwa na abiria mmoja wa kudumu, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, mjane, anaishi Great Barr. Mara tatu kwa wiki nilimpeleka hospitali asubuhi mapema kusafishwa damu, kwa sababu figo zake zilikuwa zimechoka. Safari yetu ya kwanza alinisikia nikiongea na binamu yangu kwenye simu, akanigonga begani. "Kumbe wewe mtu wa nyumbani!" Kuanzia hapo akawa anapiga ofisini na kumtaka "binti wa Kiswahili" peke yake. Alikaa kiti cha mbele, akinisimulia duka la vitambaa la marehemu mumewe na samaki wa ziwani ambao yeye, mla mboga, alikuwa akiwasikia harufu tu.

Asubuhi moja ya Januari nilifika kwake kila kitu kikiwa kimeganda. Mbingu ilikuwa safi, na barabara ilimeta. Mtaa wao uko kwenye mteremko, na mwisho wake unaingia barabara kubwa ya mabasi. Mama alitoka na mkongojo wake, mfuko wake, na blanketi dogo alilokuwa akijifunika kule hospitali. Nilimwingiza, nikamfunga mkanda. Nilipoondoka tu, taa ya njano ikaanza kuwaka na kuzima. Niliiona. Nilijua maana yake. Dereva mwenye akili zake angesimama hapo na kupiga simu ofisini. Mimi niliitazama kama vile inawaka kwenye gari la mtu mwingine.

Tulipoanza kushuka niliinua mguu, kama nilivyozoea. Breki ile ya betri ikayashika magurudumu ya nyuma peke yake, na matairi ya nyuma yakaachia barabara. Mkia wa gari ukaenda kushoto, kwenye magari yaliyoegeshwa. Mama aliita jina la Mungu wake. Mikono yangu ikageuza usukani, mguu wangu ukagusa kidogo kikanyagio cha mwendo ili magurudumu yaache kuburutwa, mkia ukarudi, ukapitiliza kwenda kulia, mikono ikageuza tena. Kompyuta nayo ilikuwa inafanya kazi yake, nilihisi gari likitetemeka chini yetu. Lakini hakukuwa na kitu cha kushikilia. Tuliteleza kiubavu, tukaangusha pipa la taka, kisha gurudumu la nyuma likagonga ukingo wa barabara na tukasimama, tumeziba njia nzima. Chini, hatua chache mbele yetu, basi likapita.

Taa bado inawaka na kuzima.

"Umeumia?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Wewe?"

"Mzima. Moyo tu unaruka." Alikuwa ananitazama. "Wewe hukushtuka."

"Nilishtuka."

"La. Sikuangalia barabara, nilikuwa naangalia wewe. Uso wako haukubadilika hata kidogo. Hata mtu akikata kitunguu uso unabadilika."

Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani, imetulia tuli.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi ni nini?"

"Mume wangu ameoa Nairobi," nikasema. "Alinitumia sauti kwenye simu."

Alikuwa mtu wa kwanza niliyemwambia. Hakusema pole. Alilitoa blanketi lake kwenye mfuko, akanifunika nalo magoti, akalikunja pembeni lisianguke. Kisha akasema, "Sasa itisha gari lingine, binti. Damu yangu haiwezi kungoja."

Alikuja dereva mwenzangu na gari dogo la petroli, kuukuu, akasimama juu ya mteremko kwenye barabara iliyomwagwa chumvi isigande. Mimi na yeye tulimpandisha mama tukimshika huku na huku, tukikanyaga nyasi za watu. Gari langu lilivutwa baadaye, jua lilipoyeyusha barafu.

Mchana bosi alinipigia. "Yule bibi amenigombeza kwa simu akiwa kitandani, na mashine yake nasikia inalia," alisema. "Nenda kaweke matairi."

Nilikwenda Washwood Heath, kwa fundi wa matairi niliyemjua kwa uso tu, Mkongo wa Bukavu. Alibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Mama, hii mupira ni ya siku za joto," alisema. "Baridi ikiingia, inakuwa nguvu sawa na libao." Akagonga ubao wa benchi yake. " Motokari yako iko na nguvu mingi, inasukuma, lakini mupira inakataa kushika."

Akaniletea tairi la baridi nilibonyeze mwenyewe. Lilikuwa laini, limechanjwachanjwa mistari myembamba kote. Nilikaa kwenye benchi yake nikimtazama akifunga yote manne. Aliniletea chai, nikainywa, na sikumbuki kama ilikuwa na sukari.

Baada ya hapo gari lilitembea vizuri. Taa ya njano sikuiona tena ila mara moja moja. Mama aliendelea kukaa mbele, na hakuniuliza tena habari za Nairobi. Ila akitoka aliniachia kitu mkononi, chungwa, au chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, ndani ya karatasi.

Woga wenyewe ulikuja karibu mwezi mzima baadaye, Longbridge, ndani ya duka kubwa. Jumamosi, nilikuwa na binti yangu, nasukuma kitoroli kwenye rafu za mikate. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Kitoroli kikateleza kiubavu kidogo, kama upana wa kiganja hivi. Nikajikuta nimekaa sakafuni, naliona lile basi likipita chini ya mteremko, naliona waziwazi, rangi yake na watu madirishani. Binti yangu alinishika kwapani akaninyanyua. Mikate tukaiacha hapo hapo.

Tulikaa garini, kwenye maegesho. Nikamwambia kwamba nilipata ajali ndogo ambayo sikumweleza. Halafu nikamwambia la baba yake.

Akasema kwa Kiingereza kwamba anajua. Baba alimtumia picha za harusi wiki ile ile.

"Na hukuniambia?"

Akasema alidhani mimi sijui. Alikuwa anangoja baba aniambie mwenyewe. Kila nilipomwambia babu bado mgonjwa, aliona nimedanganywa, akanionea huruma, akaenda chumbani kwake.

Nilitaka kucheka, au kulia, sikujua ni lipi, na hakuna lililokuja. Niliuweka mkono wangu juu ya mkono wake. Ulikuwa baridi. Madirisha yakaingia mvuke mpaka maegesho hayakuonekana tena.

Mama wa Kisumu alihamia Leicester kwa mwanawe kabla ya mwaka kuisha. Bosi aliliuza lile gari, akanunua jingine linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, na safari hii aliniuliza kwanza habari za matairi.

Talaka niliyoiomba ilipitishwa na baraza la msikiti, asubuhi ya siku ya kazi. Binti alinisindikiza, akakaa nje kwenye kiti cha plastiki akisoma kwa ajili ya mtihani. Nilipotoka hakuuliza ilikuwaje. Aliuliza kama nimekula.

"Bado," nikasema.

Akafunga kitabu chake, tukaenda kutafuta chakula.