Kisahani Juu ya Ndoo

Mama hakuwahi kujitwisha ndoo ya maji bila kuweka kisahani cha plastiki kielee juu ya maji. Kutoka bombani kwa jirani hadi kwetu Ilala, hakumwagikiwa hata tone. Mimi, mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza, nilimcheka.

"Maji yanataka kitu cha kuchezea, mwanangu," akasema. "Ukiyanyima, yatakuchezea wewe."

Leo mimi ni profesa, na kazi yangu ni mawimbi. Maabarani nina birika la zege refu kama uchochoro, na mashine inayosukuma maji upande mmoja. Nilihangaika sana kutafuta namna ya kutuliza mawimbi madogo yanayotikisa gati la kuelea, kama yale yanayowayumbisha abiria wa kivuko pale Magogoni. Maboya ya bei mbaya yaligoma. Siku moja, kwa hasira, nilienda Kariakoo nikanunua visahani vya plastiki kwa dazeni, nikaviacha vielee birikani. Mawimbi yakalegea. Nikampigia mama palepale.

"Miaka yote hiyo umesoma, kumbe unatafuta kisahani changu?" Alicheka mpaka akakohoa. "Basi nakuja kuiona hiyo bahari yako ya ndani."

"Subiri kidogo, mama. Sakafu imelowa, nyaya zimezagaa. Nikimaliza vipimo nitakufuata mwenyewe."

Kila alipouliza, nilikuwa na kipimo kingine. Nilitaka aikute maabara nadhifu. Mjinga mimi! Mwanamke aliyevuka madimbwi ya Ilala maisha yake yote, na ndoo kichwani, nilimwonea aibu ya sakafu iliyolowa.

Baada ya arobaini ya msiba wa mama, dada yangu alinikabidhi doti ya khanga. Ilikuwa imeshakatwa na kupindwa kwa fundi, lakini haijavaliwa.

"Alinunua ya kuja chuoni kwako," akasema.

Juzi nilirudi Kariakoo kuongeza visahani. Muuzaji, kijana mmoja, akaniuliza, "Mzee, una shughuli gani, visahani vyote hivi?" Nikamwambia aje aone. Akaja kesho yake, akavua viatu mlangoni, akakunja suruali, akasimama kando ya birika akishangilia kila wimbi lililolegea. Pale aliposimama palikuwa pa mama. Nilimkumbuka mama yangu, nikajifanya nakagua mashine.

Yule kijana alikaa saa nzima. Hakuuliza hata mara moja kwa nini sakafu imelowa.