Ngazi ya Mtani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana niliyerudi mtaani kwetu Ufukoni, Mtwara, na stashahada ya ufundi mitambo. Niliondoka hapa na begi la kuazima, nikajisomesha Dar es Salaam kwa kubeba zege, nikarudi na cheti chenye muhuri. Hilo nitalitaja hadi naingia kaburini, nivumilie tu.

Asubuhi hiyo mtaa mzima haukuwa na umeme. Fundi Saidi, mtani wetu tangu enzi za mababu, alikuwa juu ya nguzo anaunga waya. Kwa watani, unajua mwenyewe, kumfichia mwenzio kitu chake si wizi. Basi nikaiondoa ngazi yake.

"Mtani!" nikamwita. "Mwenye stashahada amefika. Niamkie, ngazi irudi."

"Nikuamkie wewe, niliyekuona ukikojoa kitandani? Lete ngazi, bwana! Waya nimeshaunga, nishuke nikawashe swichi. Zahanati wanangoja."

Nikacheka, nikaikalia ngazi.

Mara akatokea mama mkubwa wangu, Bi Zainabu, nesi wa zahanati, amekumbatia kasha la chanjo. Friji lilikuwa limezima tangu alfajiri, na ndani ya kasha barafu ilibaki vipande viwili. Akina mama walishapanga foleni na vichanga vyao.

Akanitazama, akaitazama ngazi.

"Haya, msomi. Hiyo shikamoo ukishaipata, nikawachanje nayo watoto?"

Mwanangu, niliinuka. Niliisimamisha ngazi, nikaishikilia mpaka Saidi akakanyaga chini.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mtani!" Akakimbilia swichi. Friji likanguruma, chanjo zikapona. Saidi angetaka, angenipeleka polisi.

Leo mimi ni mwenyekiti wa mtaa, na kuna jambo ninalojivunia kuliko hata cheti changu: hapa kwangu hakuna fundi wa umeme, nesi wala mtu wa zimamoto anayesumbuliwa akiwa kazini. Sheria inawalinda watumishi wa huduma muhimu. Kumzuia mmoja wao ni kosa, na hakimu hana kifungu cha utani. Ukitaka kumtania mtani wako, msubiri amalize kazi, ashuke, anawe mikono. Hapo mtanie mpaka akome.

Mungu akupe elimu ya kunizidi, ingawa si rahisi, na akujalie mkono wa kushikilia ngazi ya mwenzio.