Moshi wa Plamu wa Bure

Mtu aliyeanza na jiko moja la makaa na leo ana hoteli ya nyama choma hapa Kapkatet hashangazwi na kitu. Mtu huyo ni mimi, na shule niliachia darasa la nne.

Siri yangu ni kuni za miti ya matunda, na sinunui. Watu wakipunguza matawi, mimi napita na mkokoteni nikiomba. Jirani yangu Mama Chelangat, mwenye miti ya plamu, aliniambia nichukue rundo lililo nyuma ya ghala. Nilikuta mawili. Moja lilikuwa matawi yaliyotupwa ovyo. La pili lilikuwa vijiti vilivyokatwa sawasawa, vikafungwa na kufunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji. Nikasema, huyu mama ananiheshimu, ameniandalia kabisa. Nikapakia marundo yote mawili.

Jumamosi alikuja kula na kikundi chake cha akina mama kumi. Walinyonya mifupa mpaka ikang'aa.

"Baba Kiprono, hii nyama unaitia nini?" Mama Chelangat akaniuliza.

Ningenyamaza. Lakini kifua kilishajaa. "Ni moshi wa plamu yako, mama! Vile vijiti ulivyonifunikia kwa gunia."

Mama Chelangat akaweka mfupa chini. "Vya gunia? Vile kikundi chetu kilivifuata mpaka Molo, tuviunge kwenye miti yetu leo jioni, tupate plamu ya kisasa! Umechoma shamba letu, na sisi wenyewe tumelila!"

Mmoja wao akaagiza ugali mwingine, "na uandike kwa jina la mwenye hoteli."

Ule moshi wa bure, pamoja na mbavu walizokula na vijiti vipya vya kuwalipa, ulinigharimu shilingi elfu mbili mia sita na arobaini.