Anwani ya Mume Wangu Korea

Mume wangu aliondoka Sumbawanga kwenda Korea kufanya kazi kiwandani, na mwaka wa tatu akaacha kupokea simu zangu. Katekista wetu hapa Malangali ndiye aliyenifungua macho.

"Binti yangu," alisema kwa aibu, "mumeo kaomba cheti kipya cha ubatizo. Anataka kisionyeshe kwamba ana ndoa."

Nikaelewa. Alitaka kuoa kanisani, nami niko hai.

Niliapa huyo mwanamke atajua. Nikatia kwenye bahasha picha ya harusi na nakala ya cheti chetu cha ndoa, nikaandika jina la mume wangu, "kupitia kwa paroko", na mji anaoishi. Ndivyo tunavyowaandikia ndugu zetu wa Mwazye, na barua zinafika. Hiyo ilirudi. Nililia kwa hasira tupu.

Ndipo nikakumbuka boksi la viatu alilomtumia mwanetu zamani. Lilikuwa la duka la hukohuko, na bado lilikuwa na lebo ambayo duka lilitumia kumpelekea mume wangu viatu hivyo nyumbani kwake, kwa Kikorea. Nilijifunza zile herufi kwenye simu, ulezi ukikauka uani. Wakorea huanza na mkoa, halafu mji, wilaya, barabara, namba ya jengo, mwisho mlango. Niliupenda sana mpangilio huo, maana nilijiona namfuata mpaka kizingitini. Mwishoni palikuwa na 103-502. Kumbe ni jengo la 103, nyumba ya 502, ghorofa ya tano. Mwanamume alikuwa kajificha juu!

Kwa Kiingereza unageuza: unaanza na mlango, unamaliza na nchi. Jina la barabara hulitafsiri, unaliandika linavyotamkwa, na ile "ro" ya mwisho, yaani barabara, unaiacha ilivyo. Nikaongeza namba ya posta yenye tarakimu tano. Juu kabisa, badala ya jina lake, niliandika: Kwa mama wa nyumba hii.

"Una uhakika na anwani hii, dada?" karani wa posta aliniuliza.

"Nipe ufunguo tu, naingia."

Niliituma bahasha kwa rejista, pamoja na kadi ya kusainiwa na mpokeaji. Kadi ilirudi na saini ya Kikorea. Niliisoma herufi moja moja, na halikuwa jina la mume wangu. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Wiki iliyofuata mume wangu alipiga simu mara tisa. Sikupokea.